Wafu Hutembea Polepole

Kazi ya kwanza ya dada mkubwa kila asubuhi ya baridi kali ilikuwa kuitoa kamera stoo. Ililazwa humo kusudi, mahali pasipo na moto, ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu kamera iliyotoka baridini ikiingizwa penye joto hutoka jasho, na jasho hilo kesho yake huganda kwenye lenzi. Ilikuwa kamera ya zamani, sanduku la mbao lenye tumbo la ngozi la kukunjua, na mpigaji wake husimama nyuma na kujifunika shuka jeusi. Dada mkubwa aliikumbata kifuani, akaitundika begani ile miguu mitatu ya kuisimamishia, akatoka uani kwenye theluji. Mdogo wake alikuwa bado anakunywa chai.

"Nakuja, dada."

"Kunywa tu," alijibu. Roho ilikuwa ikimuuma hata kabla hajanawa uso.

Kamera ilikuwa ya mama yao, marehemu. Alipougua, ni huyu kifungua mimba aliyemuuguza; ndiye aliyemgeuza kitandani, akamlisha kwa kijiko, akafua mashuka. Kitindamimba alikuwa akija jioni na vichekesho, na mama alicheka mpaka akakohoa. Siku ya kugawa vitu, mama alisema kamera achukue Kitinda, na mkubwa achukue miguu, maana kamera bila miguu haisimami. Aliamini amegawa sawa. Shangazi alisema shukrani ya punda ni mateke, kisha akaomba chai.

Biashara yao ilikuwa ya majira ya baridi. Wafu hutembea polepole, na kamera za siku hizi hufyatua na kumaliza kabla hawajafika hata getini. Lakini katika baridi ile mafuta ndani ya lenzi yaliganda, na kile kibati cha kufungua na kufunga, ambacho wao walikiita kope, kikishafunguka kilikawia kufunga. Kope likikawia, wafu waliwahi. Mjane aliketi kwenye benchi, akaambiwa atulie, na mumewe akaja taratibu na nguo zake za nyumbani, akakaa kando yake. Wakati wa joto waliwahi kuliacha kope wazi makusudi, hakuja mtu; wafu hawapendi kutegwa. Lalamiko la wateja lilikuwa moja tu, kwamba kuna waliomtaka baba akaja kukaa nao mjomba waliyemkimbia maisha yake yote. Kwa hilo hapakuwa na dawa.

Kabla ya wateja kufika, ilibidi kope lipimwe bila filamu. Kitinda aliketi kwenye benchi. Dada mkubwa aliingia chini ya shuka na kubana pumzi, kwa kuwa pumzi ikigusa kioo cha nyuma huganda papo hapo. Kwenye kioo hicho watu huonekana kichwa chini miguu juu, walio hai na waliokufa bila upendeleo. Na kama kila asubuhi, mama alikuja, kandambili zikiwa juu, akakaa kando ya Kitinda.

"Mama, umeamkaje?" dada mkubwa alishindwa kujizuia.

Kioo kizima kiliganda kwa maneno hayo. Alisikia tu sauti ya mama, "Huyu mtoto mbona shingo wazi na baridi hii?" Alipomaliza kukikwangua kioo kwa kucha, mama alikuwa ameshaondoka.

"Amenifunga skafu," alisema Kitinda. "Kama zamani."

"Nimesikia."

"Basi kaa wewe, nikupige."

Alikuwa ameshakaa mara nyingi. Mara moja alikuja mzee mmoja mfu asiyemjua, akakaa, akamtazama vizuri, akaomba radhi, akaenda zake. Mama hakuja hata mara moja. Wivu wa ndugu ni donda baya, maana Kitinda alikuwa mtu mzuri, hata kumchukia kulikuwa kazi. Dada mkubwa alikuwa akitaka kitu kimoja tu duniani, mama akae kando yake, hata kama hatasema neno.

Ikaja siku ambayo mate yaliganda kabla ya kufika chini. Filamu zilikakamaa zikawa zinalia zikiguswa, na chuma cha kamera kilinasa ngozi ya vidole. Siku kama hiyo kope lingekawia kuliko siku zote. Dada mkubwa aliketi ukingoni mwa benchi, akakung'uta theluji upande wa pili kwa glavu, akaacha nafasi ya mtu mzima. Kitinda alitia filamu, akafyatua, akabaki chini ya shuka kujikinga na upepo.

Mama aliingia getini. Alikuja polepole na gauni lake la nyumbani, akafika kwenye benchi, akasimama mbele ya binti yake mkubwa. Moyo wa binti ulipiga mpaka akaogopa picha itatikisika.

"Mwanangu," mama alisema. "Tulia hivyohivyo. Usitikisike, utamharibia mwenzio kazi."

Kisha akazunguka nyuma ya kamera, akainua shuka, akaingia. Chini ya shuka zilionekana buti mbili na kandambili mbili, na Kitinda akasikika akicheka. Miguu ya kamera ilikuwa mali ya dada mkubwa. Teke moja lingetosha. Hakutikisika. Machozi yalimtoka yakagandia shavuni, naye akaendelea kutazama lenzi kama alivyoambiwa, mpaka kope likafunga.

Kitinda alitoka mashavu yamepata joto.

"Alikuwa anasema nini?" dada yake aliuliza.

"Eti nisikodoe sana, nitaharibu macho."

"Na mimi je?"

Kitinda alifikiri, maana hakuwa mwongo. "Alisema umetulia vizuri."

Picha ilitoka safi kuliko zote za mwaka ule, kila unywele unahesabika, ikatundikwa dirishani. Wateja wakiuliza mbona huyu dada amekaa ukingoni na benchi zima liko tupu, Kitinda huwaambia ndivyo alivyo, hapendi kubanana.