Kichwa cha Madam Persis

Siku ya Tuzo za Stadi, hakuna anayekuuliza ulipata alama ngapi katika hesabu. Mwanafunzi wa sekondari huchagua kazi ya mikono, huifanyia mazoezi mwaka mzima, kisha huionyesha mbele ya mwamuzi. Kuna wanaochomelea vyuma, kuna wafuga nyuki, kuna washonaji. Mwaka huu shule za Kisii na Nyamira zilikutana katika shule moja ya wasichana karibu na Sironga, na Rispa Okinyi wa kidato cha tatu, mwenyeji hapo, alikuwa amechagua ususi.

Ususi alizaliwa akaukuta. Mama yake, Pam, alitoka pande za ziwani akafungua saluni mjini Nyamira, na Rispa alijifunza kusuka kabla ya kujua kusoma. Tatizo ni kwamba shuleni kwao, kama shule nyingine za huko, kila msichana asiyevaa hijabu hukatwa nywele ziwe fupi. Anayesimamia sheria hiyo ni naibu wa mwalimu mkuu, Madam Persis Kemuma, ambaye mwenyewe hufunga kitambaa cheusi kichwani mwaka mzima, na ambaye huona unywele uliozidi hata akiwa upande wa pili wa uwanja.

Kwa hiyo walikuwa wamekubaliana kwamba mama atakuja, asukwe yeye.

Zamu ya Rispa ilipokaribia, Madam Persis alitoka ofisini na simu mkononi.

"Mama yako amepiga. Bibi harusi wa Ekerenyo ameingia saluni na wenzake wote, na msaidizi wake ni mgonjwa. Hawezi kuja. Anasema pole sana."

Rafiki yake Istarlin, aliyekuwa ameshapata tuzo yake ya mapishi asubuhi hiyo kwa sambusa zilizoisha kabla ya waamuzi kurudia, alimshika mkono.

"Ningekupa kichwa changu," alinong'ona huku akigusa hijabu yake, "lakini mwamuzi ni mwanamume, na ukumbi umejaa wavulana."

"Najua, Ista. Asante."

Mwamuzi, Bwana Jethro Nyamweya, aliangalia meza: vitana, mafuta, vibanio, kila kitu kimepangwa vizuri. Kisha akaangalia kiti kitupu.

"Kazi nzuri. Sasa utamsuka nani?"

Rispa aligeuka akawatazama walimu waliokuwa wameketi mbele. Mmoja alikuwa na upara. Mwingine alishika wigi lake kwa mikono miwili, akatikisa kichwa. Kicheko kikaanza nyuma ya ukumbi, na machozi yakaanza kumlenga Rispa.

Ndipo Madam Persis alipopanda jukwaani, akaketi kwenye kile kiti, akafungua kitambaa.

Walioketi nyuma walisimama ili waone. Nywele zilichomoza kila upande, nyingi, nzito, zimeshikamana kama manyoya ya kondoo.

"Madam!" Rispa alisema kwa sauti ndogo. "Zilisukwa lini mara ya mwisho?"

"Harusi ya dada yangu. Usiniulize mwaka. Wewe fanya kazi."

Rispa alizilainisha kwa maji na mafuta, akaanza kuchana kuanzia ncha, taratibu. Huyu ndiye aliyemtoa darasani muhula uliopita kwa ajili ya nywele! Lakini zilipoanza kuachana, alisahau ni nani aliyeketi mbele yake. Akagawa, akabana, akaanza tuta la kwanza. Madam Persis akaruka kidogo.

"Tulia, Madam," Rispa alisema, kama anavyowaambia wateja wa mama yake. "Ukitikisika, mstari utapinda."

Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwambia naibu atulie. Watu walishika vinywa. Madam Persis akatulia. Baada ya muda alifumba macho, mabega yakashuka, na walioketi mbele wanaapa kwamba alikoroma.

Nywele zilikuwa nyingi kuliko muda. Kengele ilipolia, upande wa kulia ulikuwa umejaa matuta membamba, yamenyooka. Upande wa kushoto ulikuwa bado umesimama wima. Bwana Nyamweya alizunguka kiti, akapitisha kidole kwenye mistari, akauliza kama ngozi inavuta.

"Haivuti hata kidogo," Madam Persis alisema. "Nilikuwa nimelala."

"Kazi haijaisha, kwa hiyo tuzo ya dhahabu siwezi kutoa," mwamuzi alisema. "Lakini kwa kichwa hiki, na kwa mkono huu, fedha inakutosha kabisa."

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Rispa aliruka, akakumbuka adabu, kisha akaruka tena pamoja na Istarlin.

Madam Persis hakufunga kitambaa. Aliwapokea wazazi na kugawa soda akiwa amesukwa nusu kichwa, na yeyote aliyecheka alicheka naye. Wageni walipoondoka, alibeba kiti hadi barazani.

"Malizia," alisema. "Na sheria ya nywele ni ile ile, msidhani imelegea."

"Ndiyo, Madam."

"Lakini mpigie mama yako kwanza. Mwambie umeshinda, halafu nipe simu. Nataka kujua huwa anafungua saluni saa ngapi Jumamosi."