Mkoromo wa Mama Anyesi

Tangu tumzike mama yetu, Anyesi, baba hakupata usingizi. Siku arobaini. Zahanati walimpa vidonge, mchungaji akamsomea Zaburi, na baba, mzee Elieza, akabaki ameikodolea macho dari.

Ndipo Anitha, binti wa marehemu kaka yangu, akasema atampigia babu yake besi siku ya kumaliza msiba, huenda akalala. Besi yenyewe ni ya mbao na nyuzi, kama zeze kubwa, ndefu kuliko yeye. Anaipiga peke yake, bila bendi, na muziki anaoutunga hauna wimbo wala mdundo, ni kukwaruza na kugonga. Eti huko Dar es Salaam watu hulipa kiingilio. Mimi ndiye niliyeongoza shughuli, nikampanga baada ya pilau, watu wakiwa wameshiba na hawawezi kukimbia.

Pale uani kwetu Nkuhungu alianza kwa kuburuza upinde kwenye uzi mnene. Khooo. Kimya. Kisha sauti nyembamba kama ya filimbi. Nikashika kipaza sauti: "Wageni wetu, tuvumiliane, msanii bado anakaza nyuzi."

Watu wakacheka. Anitha hakuniangalia.

Khooo. Kimya. Filimbi. Halafu miguno miwili mifupi, ya mtu aliyetaka kusema jambo akaghairi.

Nywele zilinisimama. Huyo alikuwa mama. Nimekulia chumba kinachopakana na chao, mkoromo ule naujua kuliko sauti yangu.

Nikageuka. Baba kidevu kifuani, mdomo wazi, amelala fofofo.

Sasa ikawa balaa. Kwetu msiba haufungwi mpaka mwenye msiba asimame atoe shukrani, na mgeni haondoki kabla. Anitha alipopumzisha mkono, baba alishtuka, akapapasa kiti kitupu cha pembeni. Besi ikarudi upesi. Baba akatulia.

"Tumwamshe?" mchungaji alininong'oneza. Alikuwa na ubatizo Mkonze saa tisa.

"Mguse uone," nikamjibu, Mungu anisamehe.

Kwa saa mbili nzima wageni sitini walikaa wakimsikiliza mama yangu akikoroma. Vidole vya Anitha vilichubuka. Nikampelekea maji, nikamshikia kikombe mdomoni, maana mikono ilikuwa kazini.

"Baba mdogo," akaniuliza, "bado nakaza nyuzi?"

"Kaza, mwanangu," nikasema, na nilikuwa nalia. "Kaza mpaka aamke mwenyewe."