Gambuti za Zamu Mbili

Ilikuwa Jumanne, tarehe ishirini na sita Novemba, saa tatu asubuhi. Theluji nyepesi ilikuwa ikianguka Cheoram, mji wa migodi wa Korea Kusini, na upepo wa mlimani ulikuwa umetulia. Mzee Tak Gwang-su alikuwa ameketi kwenye sakafu iliyopashwa joto kwa chini, soksi miguuni.

"Baba Miran, Chil-bok anaondoka saa saba," mkewe, Bun-rye, alimkumbusha. "Yuko kwenye bafu la mtaa, anakungoja."

"Nina mafua."

"Mafua ya vidole vya miguu?"

Tak aliificha miguu chini ya mapaja. Alikuwa hajakanyaga bafu la mtaa, ambako wanaume huoga pamoja, kwa miaka mitatu, tangu siku mteja mmoja alipozitazama kucha zake, nene na za njano kama tangawizi kavu, kisha akalisogeza taulo lake mbali. Lakini leo rafiki yake Maeng Chil-bok alikuwa anahamia mji wa mbali wa Incheon kwa binti yake, na hakuna aliyetarajia arudi. Asipokwenda leo, hawatasuguana migongo tena.

Kusuguana kulianza mwaka 1979, walipokuwa wachimbaji wa makaa ya mawe. Kampuni iligawa gambuti jozi moja kwa mwaka, na za Chil-bok zilipasuka mwezi wa pili. Tak aliingia shimoni asubuhi, Chil-bok jioni. Basi wakavaa jozi moja. Tak alipotoka alizivua mlangoni, akamwaga maji meusi, akamkabidhi mwenzake zikiwa bado na joto.

"Kaka, leo umenipikia mchuzi humu!" Chil-bok alizoea kulalamika, huku akitumbukiza mguu.

Jumapili walikwenda bafuni pamoja, wakasuguana nongo hadi migongo ikawa myekundu. Fangasi waliipata wote wawili, wakajikuna wote wawili, na kucha zao zilipoanza kuharibika walizilinganisha na kucheka. Tak alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Hakuwahi tena kuwa na rafiki wa namna ile.

Alisimama, akachukua taulo.

Bafuni alivua kila kitu isipokuwa soksi. Chil-bok, aliyekuwa ndani ya maji hadi shingoni, alimtazama kuanzia juu hadi chini.

"Kaka, sheria imebadilika? Tunaoga na soksi siku hizi?"

Tak alizivua. Chil-bok akatoka majini, na Tak akaona miguu yake: kucha nyembamba, safi, za rangi ya waridi.

"Zako ziko wapi?"

"Zimekwisha. Daktari alinipima ini kwanza, akanipa vidonge vya fangasi, nikangoja kucha mpya zikue. Mwaka mzima na zaidi."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia wapi? Kila nikigonga, Mama Miran ananiambia una mafua."

Tak aliinamisha kichwa. Alijua kwamba alichotaka kusema ni upuuzi, akakisema hata hivyo.

"Zilikuwa zetu sote wawili."

Chil-bok alicheka hadi kifua kikambana, akakohoa kikohozi kirefu cha wachimbaji, akajishikilia ukutani.

"Vumbi bado ninalo kifuani, Kaka. Hilo halina dawa. Ukitaka kumbukumbu ya mgodi, nitakugawia. Lakini hizo kucha katibiwe. Zinakuuma?"

"Kidole gumba. Kupanda kilima siwezi tena."

"Na wewe umekaa nyumbani unazitunza kama mboga za bustani! Haya, geuka."

"Nitakuambukiza."

"Basi usiingie majini. Kaa kwenye kigoda, miguu iweke kwenye beseni lako. Ninasugua mgongo, sisugui kucha."

Tak aliketi. Kitambaa kigumu kilishuka kutoka bega hadi kiuno, kwa nguvu ileile ya zamani.

"Polepole, we punda," alisema.

"Nyamaza, Kaka. Una nongo ya miaka mitatu."

Kisha wakabadilishana.

Saa saba Chil-bok alipanda gari la mkwewe, akaenda Incheon. Bun-rye alichemsha soksi zote za nyumba na kutupa viatu viwili vya zamani. Alhamisi Tak alikwenda kliniki. Walikata kipande cha kucha kwa ajili ya kipimo na kumtoa damu ya kupima ini. Jioni hiyo alimpigia simu Chil-bok, wakazungumza kwa nusu saa.