Aya ya Tatu

Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka thelathini na minane, darasa la jioni, ndani ya ghala la mahindi la kijiji cha Pito. Tulikaa juu ya magunia, na mwalimu alikuwa kijana ambaye mama yake nilimjua akiwa mtoto. Nasema hili mapema ili msomaji ajue kwamba kila herufi niliyonayo niliitolea jasho. Wengine walipewa kalamu utotoni. Mimi nilipewa nyundo, nikawa fundi bati: ndoo, koroboi, makopo ya kuchotea maji, na masanduku ya wanafunzi wanaokwenda shule za bweni.

Jirani yangu Sadoki alikuwa miongoni mwa waliopewa kalamu. Alikuja kutoka Mbeya kuwa karani wa elimu mjini Sumbawanga, akapanga nyumba ya pili kutoka kwetu. Kila asubuhi alipita mbele ya kibanda changu kwa baiskeli, suruali ameibana kwa vibanio, kalamu mbili mfukoni. Moja ingetosha. "Shikamoo, Mzee Wilibrodi!" alisema, na mimi niliitika marahaba huku nikigonga bati kwa nguvu kuliko kazi ilivyotaka.

Nilimwonea wivu. Naliandika neno hilo bila kulipamba. Nilimwonea wivu kwa kalamu, kwa mashine ya chapa aliyoketi mbele yake kutwa, na zaidi kwa sababu binti yake Atusaye alikuwa darasa moja na Bertilla wangu.

Bertilla alikuwa na akili. Jioni alinisahihishia daftari langu la kisomo, na alipokosoa alikosoa taratibu, nisione haya. Nikaapa kwamba mtoto huyu atakwenda sekondari na atampita wa Sadoki.

Siku zile ilikuwa Elimu ya Kujitegemea. Jumatano na Ijumaa mchana wanafunzi wa shule yetu walikwenda shamba la shule na majembe, na kazi ile ilikuwa na alama zake. Mimi niliona ni kumpotezea Bertilla muda. Mfipa afundishwe kulima? Sisi tunafukia majani chini ya udongo na kuinua tuta la mviringo, ntumba, tangu babu wa babu. Bertilla aliweza kuliinua akiwa na miaka sita. Watoto wa Mbeya ndio wajifunze. Basi mara kwa mara, ilipofika Jumatano au Ijumaa, nilimpelekea mwalimu mkuu cheti nilichokiandika mwenyewe: "Naomba ruhusa, binti yangu anaumwa tumbo." Nilipenda kuandika vile vyeti. Nilitia tarehe, nikapiga mstari chini ya jina langu. Bertilla alibaki kwenye meza yangu akisoma.

"Baba, wenzangu wanaimba kule shambani," aliniambia siku moja. "Nawasikia."

"Wimbo haupeleki mtu sekondari," nikamjibu.

Alipomaliza darasa la saba, mwaka 1977, sikungoja majibu. Nilimtengenezea sanduku, bati jipya, rangi ya buluu, na juu ya kifuniko nikaandika kwa rangi nyeupe: BERTILLA W.

Majibu yalibandikwa mwishoni mwa Desemba kwenye ukuta wa shule. Atusaye alikuwa juu ya mstari wa waliochaguliwa. Jina la kwanza chini ya mstari lilikuwa la Bertilla. Alikosa kwa alama moja. Nilisimama pale nikilisoma jina la Atusaye mara nyingi kuliko la mwanangu, na kila nilipolisoma lilinichoma upya.

Siku ya tatu, mvua ikinyesha, Sadoki akaja nyumbani kwangu. Alikuwa amelowa mpaka soksi.

"Mzee, nafasi moja imerudi," alisema kabla hajaketi. "Binti mmoja wa kule ziwani ameolewa. Wazazi wa waliokosa kwa alama chache wanaruhusiwa kuandika rufaa. Mwisho Ijumaa, saa sita mchana. Andika, mzee. Bertilla ndiye wa kwanza."

Mke wangu Fransiska akamletea uji wa ulezi. Mimi nilimtazama mtu yule akinywa uji wangu, nikajiambia amekuja ili nimshukuru.

Niliandika siku mbili. Aya ya kwanza nilijieleza mimi na kisomo changu. Ya pili nilieleza alama za Bertilla. Ya tatu ndiyo niliyoipenda, na mpaka leo naijua kwa moyo: "Tatu, binti huyu hakupoteza muda. Siku za shamba la shule nilimbakiza nyumbani akasoma vitabu, kwa kuwa Mfipa hafundishwi jembe. Hivyo anawazidi kwa elimu hao waliokuwa wakilima."

Hao waliokuwa wakilima. Nilikuwa na mmoja tu kichwani.

Alhamisi jioni Sadoki alisimamisha baiskeli kibandani. "Naweza kuiona barua, mzee?"

Nilimpa, nikitaka aone hati yangu. Aliisoma polepole. Alipofika mwisho alirudi juu, akaisoma tena.

"Hii aya ya tatu itoe."

"Ina kosa la herufi?"

"Haina hata moja. Ndiyo shida yake." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Nipe nikupigie chapa nyingine usiku huu. Aya mbili zinatosha."

"Hati yangu haisomeki?"

"Inasomeka mno, mzee. Sikiliza. Kuna mambo yako kwenye jalada, na kazi yangu hainiruhusu kuyatoa nje. Nakuomba kama ndugu yako. Itoe."

Nikaweka nyundo chini. "Sema kweli, Baba Atusaye. Hutaki Bertilla akae dawati moja na wako. Unataka mjini waseme Pito nzima imetoa mmoja tu, naye ni wa karani."

"Wangu keshapata, mzee. Ningemwogopea nini wako?"

Lilikuwa jibu zuri, na kwa kuwa lilikuwa zuri nililichukia. Nikachukua barua yangu mkononi mwake, nikamwambia kesho nitaipeleka kwa miguu yangu mwenyewe. Akapanda baiskeli bila kuaga.

Fransiska alikuwa amesikia yote. "Mtu amelowa mvua kukuletea habari njema," alisema, "na wewe unampekua mifuko kutafuta kisu."

Ijumaa nilivaa koti langu la kanisani, nikatembea hadi mjini katika tope, barua nimeifunga kwenye nailoni. Afisa aliyeshughulikia rufaa alikuwa mama mmoja, Ndugu Josefina, miwani imemshuka puani. Sadoki alikuwa pembeni kwenye mashine yake. Hakuinua uso.

Mama yule alisoma barua yangu hadi mwisho.

"Hii hati ni yako mwenyewe, ndugu?"

"Ni yangu. Sikuandikiwa na mtu."

"Ni hati nzuri," alisema, na nadhani nilinyoosha mabega. Kisha akafungua jalada, akatoa vikaratasi vidogo, akavipanga juu ya meza kimoja baada ya kingine. Vilikuwa kumi na vinne. "Na hii?"

Kila kimoja kilikuwa na tarehe, na mstari chini ya jina langu.

"Mwalimu mkuu alituletea hivi," aliendelea, sauti yake haikupanda. "Alimpa binti yako alama za wastani katika kazi, kwa kuwa ni mgonjwa. Mimi nilivisoma nikasema: mtoto anayeumwa tumbo mwaka mzima, na bado anakosa kwa alama moja tu! Huyu ndiye wa kupewa nafasi. Nilikuwa nangoja barua ya baba yake ili nitie sahihi. Sasa baba ananiandikia kwamba hakuumwa hata siku moja."

"Alikuwa anasoma, mama."

"Najua. Umeeleza vizuri sana."

Mashine ya Sadoki ilikuwa kimya. Nilitaka ipige kelele, hata herufi moja.

"Nikiondoa aya hii?" niliuliza.

"Nimekwisha kuisoma, ndugu. Siwezi kusema sikuisoma. Yuko msichana wa kijiji cha Mollo amekosa kwa alama mbili, na kazi ya shamba aliifanya yote. Baba yake kaandika mistari minne."

Nilirudi Pito bila kuifunga barua, mvua ikachukua wino wake. Nilimweleza Bertilla nikiwa nimesimama mlangoni. Nilimweleza yote, vyeti na aya na karani. Hakulia. Aliuliza neno moja tu: "Baba Atusaye alikuambia uitoe?"

"Aliniambia."

Akaenda kuteka maji.

Jumatatu alikuja kibandani mtu wa Mollo, jina lake Leonardi, amefuatana na binti yake Kristiana, wote magoti yametapakaa tope. Lori la kuwachukua wanafunzi lilikuwa linaondoka Jumatano. Walihitaji sanduku.

"Siku mbili hazitoshi," nilisema. Ulikuwa uongo. Nilimtazama binti yule, mikono yake ina sugu za jembe, nikatamani zile alama mbili alizokosa ziwe ishirini.

"Lile pale?" Leonardi alionyesha sanduku la buluu kwenye kona.

"Lina mwenyewe."

Bertilla alikuwa amenishikia bati nilikate. Aliliweka chini. "Mpe hilo, baba."

"Bertilla."

"Mpe. Litapata kutu."

Nikachukua kisu na msasa, nikakwangua jina. Rangi nyeupe ilishika sana, maana niliipaka kwa moyo. Herufi ya kwanza haikutoka yote. Kristiana aliinama kutazama, msichana mwenye adabu, hakuwa na ubaya wowote.

"Mzee, hapa palikuwa na jina la nani?"

Bertilla ndiye aliyejibu.

"La mtu mmoja aliyekuwa anaumwa tumbo."

Leonardi alisema pole, Mungu atamponya. Bertilla akasema asante. Kisha akanichukulia brashi mkononi, akaichovya katika rangi, akapiga magoti mbele ya sanduku na kuandika KRISTIANA L. Hakupiga mstari chini. Herufi zilikuwa sawa kwa sawa, zimenyooka kama zimepimwa kwa rula. Ilikuwa hati nzuri kuliko yangu. Niliitazama, na mbele ya wageni wale, kwa mwanangu mwenyewe, nikaona wivu.