Komeo la Chumba cha Kuvu

Pale kiwandani walimwita Mama Komeo, naye hakukasirika, maana jina alilitafuta mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuangalia vyumba vya kuvu. Humo, kwenye trei zilizopangwa rafu juu ya rafu, kuvu nyeusi ilioteshwa juu ya pumba za mpunga zilizokuwa zikitupwa ovyo na wenye mashine za kukoboa. Kuvu ikila pumba hutoa kimeng'enya, nacho kikishakamuliwa huuzwa kwa viwanda vya nguo ili kuondoa wanga kwenye vitambaa. Adui yao mkubwa ni ukungu wa kijani unaoingia na upepo. Msimu uliopita mtu mmoja aliacha mlango wazi akaenda kunywa chai, na trei za chumba kizima zikamwagwa. Tangu hapo Mama Komeo akiona upenyo wa kidole tu, mdomo wake haukuwa na breki.

Asubuhi hiyo aliukuta mlango wa chumba cha tatu wazi, umezuiwa na tofali. Damu ikamchemka. Alilisukuma tofali kwa mguu huku akigomba, korido nzima imsikie, kwamba wako watu waliopewa vichwa vya kuvalia kofia tu. Akaubamiza mlango mpaka mpira wa kingo zake ukabana, akashusha komeo la nje, akaenda kupima joto la vyumba vingine. Alijisikia vizuri, kama mtu aliyemaliza kufagia uwanja.

Alikuwa chumba cha kwanza fundi umeme alipomfuata, akipangusa mikono. Feni ya chumba cha tatu imeungua, alisema, pumba zimeanza kupata joto kali, na mjomba ameingia kuzitoa trei kabla kuvu haijafa. Sasa hamwoni. Je, ameshatoka?

Mjomba huyo, mwosha trei, alikuwa kaka wa marehemu mama yake Mama Komeo. Ndiye aliyemlea.

Kila mfanyakazi mpya alifundishwa na yeye mwenyewe kwamba kuvu inapumua kama mtu: inavuta hewa nzuri na kutoa hewa nzito isiyofaa. Feni ikizima, mlango ukafungwa, chumba kizima cha kuvu kinamnyang'anya pumzi mtu mmoja. Alikimbia. Kiatu kimoja kilimvuka njiani, hakukirudia. Alilivuta chini badala ya juu komeo lile lile aliloweza kulishusha hata gizani, mpaka fundi akalipandisha yeye.

Joto liliwapiga usoni. Kule ndani, kati ya rafu, zilionekana soli za buti zimeelekea juu, hazitikisiki. Akataka kujitosa, fundi akamdaka koti.

"Ukiingia sasa tutatoa wawili," alisema. "Acha hewa iingie kwanza."

Alijua ni kweli, na akamchukia kwa kusema kweli. Walileta feni ya ofisini, wakaiweka mlangoni. Akasimama akiziangalia zile buti, akiwaza ni maneno gani mtu humwambia mke wa mjomba wake, na kwa mdomo upi. Hakuwa amewahi kuogopa hivyo maishani. Hatimaye fundi alijaza kifua hewa, akaingia, akamburuta mzee kwa makwapa hadi koridoni.

Midomo ya mjomba ilikuwa rangi ya majivu. Mama Komeo alimfungua shati, akamwekea sikio kifuani kusikiliza, asisikie ila moyo wake mwenyewe. Kisha mzee akakohoa. Akakohoa tena, akavuta pumzi ndefu yenye mkwaruzo, akafumbua macho.

Fundi aliketi chini, akacheka kwa kuchoka. Bila shaka ni upepo ulioufunga mlango, alisema, na komeo lenyewe limelegea, hushuka hata likitazamwa tu. Alikuwa anampa njia ya kutokea, kwa kujua au kutojua. Mama Komeo aliiona njia hiyo, na hofu kwamba angeipita ikamshika, mbaya kuliko ya mwanzo.

"Mimi ndiye niliyeufunga, mjomba," alisema.

Mzee alimwangalia bila hasira yoyote.

"Najua, mama. Nilikusikia unagomba." Akatafuta pumzi. "Nikakuita na kukuita. Sauti ikakataa kutoka."