Zizi Jipya la Masii

Salah, mfanyabiashara wa mbuzi, hakuwa mtu wa kupiga simu ovyo. Kwa hivyo alipompigia Nthambi, mhariri wa gazeti dogo la kila wiki mjini Machakos, akamwambia, "Njoo Masii, dada, mbuzi wananitisha," Nthambi alifunga ofisi akaenda.

Soko lilikuwa limechangamka, jua linawaka, lakini ndani ya zizi jipya hakukusikika hata mlio mmoja. Mbuzi wote, wa Salah na wa wenzake, walikuwa wamesimama wakielekea pembe moja ya ukuta.

"Nikiwatoa nje wanakula," Salah akasema. "Nikiwarudisha, ni hivyo tena."

Nthambi aliingia akasimama kwenye ile pembe awapige picha. Hakuna mbuzi aliyemtazama usoni. Walikuwa wakitazama udongo aliokanyaga.

Picha ilitoka ukurasa wa kwanza. Wasomaji wengi walicheka. Asiyecheka ni Mama Kasyoka. Mwanawe, Muthoka, alikuwa mwandishi wa gazeti hilohilo. Zizi lilipokuwa likijengwa, alikwenda kuchunguza nani alinyakua kiwanja cha soko, asionekane tena. Watu walisema amehamia Mombasa. Mama hakukubali hata siku moja.

Siku ya soko iliyofuata alifika na jembe begani, akapita katikati ya mbuzi, akaanza kuchimba.

"Mwaitu, mama yangu, ngoja polisi," Nthambi alimsihi.

"Wakuje. Watanipata hapa."

Salah alivua koti, akamwomba jembe kwa upole, akaendelea yeye. Udongo ulikuwa laini mno. Kikatokea kiatu, kisha mkanda wa kamera, kisha mfupa.

Mama Kasyoka hakupiga yowe. Alikaa chini, miguu ameinyoosha. Mbuzi wakasogea mmoja mmoja, wakalala kulizunguka shimo, kimya vilevile, na mmoja akaweka kichwa mapajani mwake.

Nthambi akaishusha kamera.

"Piga," mama akasema bila kugeuka. "Yeye angepiga."

Akapiga, mikono ikitetemeka.

Mkandarasi aliyejenga zizi alikamatwa Kangundo, amejificha kwa shemeji yake. Picha ilikuwa na ukungu, mama na mbuzi wameshikana kama kitu kimoja. Nthambi aliichapisha hivyohivyo. Zizi lingali pale Masii, lango wazi, na wachuuzi hufunga mbuzi wao ng'ambo ya barabara.