Sauti ya Gari la Mwisho

Tangu daktari amtoe uvimbe kooni mwezi wa tano, mume wangu Luo hakunena neno mbele ya mtu. Sauti ilibaki, daktari aliniapia, ila ya kukwaruza, pumzi nyingi kuliko maneno, na Luo aliionea haya. Akitaka chai ananyoosha kikombe, akikasirika anabamiza mlango. Miaka ishirini na sita nilimsihi anyamaze, na aliponyamaza nyumba ikanishinda kukaa.

Mimi naongoza misafara ya magari katika jangwa la Tengger, kaskazini mwa China, na Luo huendesha gari la mwisho. Ndiye anayemwona aliyenasa mchangani na aliyepinduka nyuma ya tuta. Kwa hiyo msafara wetu hauondoki mpaka gari la mwisho liseme kwenye redio ya upepo kwamba liko tayari. Liseme kwa mdomo. Kubofya kitufe tu, redio zetu zikalia tiki, hakuhesabiwi, maana hata goti la dereva hubofya.

Wenzetu walianza kuninong'oneza kwamba nafasi ile apewe mwingine. Nikawaambia tununue kwanza redio mpya, za zamani zimechoka. Ukweli nilikuwa natafuta redio moja tu, ya mtu mmoja.

Kang, muuzaji wetu wa redio hapa mjini Bayanhot, aliweka mezani kidude chenye kioo, cha kutumia mtandao wa simu.

"Hii, Dada Qiao, unaongea na mtu wa Beijing kama yuko jikoni kwako."

"Jikoni kwangu nani kamkaribisha? Nyuma ya matuta mtandao upo?"

Akajikuna kichwa. "Upo... unakuja, unaondoka."

"Kama mume wa jirani yangu. Weka pembeni."

Ya pili ilikuwa na antena ndefu na chujio la kelele. Injini, upepo, mchanga, vyote inafuta. Chaolu, dereva wetu wa gari la pili, aliipenda papo hapo. Nikampa Luo, niliyekuja naye, moja, nikamsukuma uani, nikamwomba kwa macho aseme chochote. Akanipa mgongo kidogo. Kupitia dirishani niliona midomo yake ikicheza, mara moja, kisha tena.

Redio iliyokuwa mkononi mwangu ilikaa kimya. Ilikuwa imeichukua sauti ya mume wangu kuwa kelele, ikaifuta. Aliporudi alinitazama usoni, akaelewa, akaiweka mezani polepole. Mpaka leo sijui alisema nini. Roho iliniuma nusura nimpige Kang, ambaye hana kosa.

"Nipe isiyochuja kitu," nikasema.

"Lile tofali? Dada, linaleta kila takataka!"

"Ndilo hilohilo. Nipe tisa."

"Tumekwisha," Chaolu akaguna. "Tutasikia mpaka tumbo la Dada likinguruma."

"Na utalitii."

Jumamosi asubuhi tulikuwa magari tisa ukingoni mwa matuta, matairi tumeyapunguza upepo, bendera za kutuonyesha nyuma ya matuta zimesimama juu ya magari. Nikaita. La pili likajibu, la tatu, mpaka la nane. La tisa likabofya tu.

"Amebofya, Dada," Chaolu akasema. "Twende."

"Kubofya si kusema."

"Jua linapanda, mchanga utalainika!"

"Ulainike. Gari la mwisho, nakusubiri. Chai ninayo, na nyama ya kondoo ya kutosha siku mbili."

Nilijifanya jeuri tu. Nilikuwa nimemweka mume wangu uchi mbele ya madereva saba. Akigeuza gari akarudi mjini, hataingia tena jangwani, na huenda hatanisamehe. Dakika zikapita, tano, sita. Hata Chaolu akazima injini.

Kisha redio ikafoka mchanga na upepo, takataka zote alizozisema Kang, na katikati yake ikapita sauti iliyochubuka, ikivuta pumzi kila baada ya neno.

"Gari la mwisho... tayari. Ondoka... mwanamke mkaidi."

Hakuna aliyecheka. Magari yote yalinisubiri niwashe injini. Nilikuwa nimesikia kila neno. Nikabonyeza kitufe, nikamwambia sijasikia vizuri, arudie.